Kinga ipi itangulie unapokaa nje majira ya joto: kivuli, nguo, losheni, maji na dawa za mbu zikilinganishwa

Majira ya joto yanapokaribia, maswali ya watu huwa yaleyale: losheni ipi ya kukinga jua ni nzuri, dawa ipi ya mbu hudumu zaidi, maji peke yake yanatosha au yaongezwe chumvi. Maswali hayo yana majibu, nami nitayajibu hapa chini, lakini kwa uzoefu wangu tofauti kubwa kati ya kinga na kinga haiandikwi kwenye chupa. Tofauti hiyo ni mara ngapi kwa siku kinga husika inakutaka uikumbuke. Kofia ikishavaliwa asubuhi huendelea kufanya kazi hadi itakapovuliwa, hata kama mwenye kichwa amesahau kwamba ameivaa. Losheni inadai kupakwa upya kila baada ya saa mbili na kila mtu anapotoka majini, na anayefurahia siku yake nje ndiye wa kwanza kupoteza hesabu ya saa. Kwa hiyo katika kila ulinganisho nitapima mambo mawili: kinga inazuia kiasi gani ikitumiwa sawasawa, na inabaki kuzuia kiasi gani mikononi mwa mtu msahaulifu kama mimi.

Saa ya kutoka: asubuhi au alasiri?

Wengi hupanga siku wakiamini kwamba jua kali na joto kali ni kitu kimoja. Sivyo. Mionzi ya urujuanimno, ambayo ndiyo inayounguza ngozi na kudhuru macho, hufikia kilele jua linapokuwa juu kabisa, karibu na saa sita mchana, ilhali joto la hewa huendelea kupanda kwa saa mbili tatu zaidi, kwa kuwa ardhi hupata moto kwanza ndipo nayo iipashe hewa iliyo juu yake. Matokeo yake ni kwamba saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri zina mionzi inayokaribiana, lakini saa tisa alasiri ina joto kubwa zaidi kwa mbali. Anayechagua kati ya nyakati hizo mbili kwa ajili ya kukimbia, kulima au kupanda mlima hana sababu ya kusitasita, maana asubuhi humpa jua lilelile bila kumbebesha joto la mchana kutwa. Jioni, baada ya saa kumi na moja, mionzi hupungua sana, ila ardhi na kuta bado hutoa joto zilizolihifadhi, na wadudu wa magharibi huanza kutoka. Katika nchi zinazosogeza saa mbele majira hayo, mtu akumbuke kwamba jua halifuati saa ya ukutani, na kilele chake huweza kuangukia saa saba au hata baadaye.

Kujua ukali wa mionzi kuna njia mbili zinazofaa kulinganishwa. Ya kwanza ni kipimo cha mionzi ya urujuanimno, ambacho Kanada ilianza kukitangaza mwaka 1992 na ambacho Shirika la Afya Duniani linakitumia leo kwa ngazi zinazoanzia 0 na kupita 11. Shirika hilo linashauri kinga ianze kipimo kikifika 3, na kuanzia 8 mtu ajizuie kabisa kukaa juani saa za katikati ya mchana. Programu nyingi za hali ya hewa katika simu huonyesha namba hiyo. Njia ya pili ni kivuli chako mwenyewe: simama wima mahali tambarare, na kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua limepita nyuzi 45 angani na mionzi yake ni ya kuangaliwa. Namba ya simu ni bora kwa sababu huhesabu pia mawingu na mwinuko wa mahali, nao mwinuko si jambo dogo, kwani mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kivuli kina sifa moja tu, nayo ni kwamba hakiishiwi chaji. Mimi hutazama simu kabla ya kutoka na kivuli nikiwa nimeshatoka.

Kivuli cha mwavuli na kivuli cha kweli

Ningependa kusema kwamba kivuli kinashinda losheni, kwa kuwa kivuli hakisahauliki, lakini ushahidi unanizuia kusema hivyo bila masharti. Mwaka 2017 jarida la JAMA Dermatology lilichapisha jaribio lililofanyika kando ya ziwa huko Texas, Marekani, ambapo watu 81 walikaa nje kwa saa tatu na nusu, nusu yao chini ya mwavuli wa ufukweni na nusu nyingine wakiwa wamejipaka losheni ya SPF 100 (SPF ni namba ya kinga ya losheni dhidi ya mionzi inayounguza). Waliotegemea mwavuli peke yake waliungua kwa kiwango cha asilimia 78, na waliojipaka losheni asilimia 25. Ni vyema kusoma namba zote mbili: mwavuli ulishindwa vibaya, lakini hata losheni yenye namba kubwa kiasi hicho haikumlinda mtu mmoja katika kila wanne.

Sababu ya kushindwa kwa mwavuli ni kwamba sehemu kubwa ya mionzi haiji moja kwa moja kutoka kwenye jua, bali hutawanywa na hewa na kushuka kutoka kila upande wa anga, na nyingine huruka kutoka chini. Mchanga mkavu hurudisha karibu asilimia 15 ya mionzi inayoupiga, povu la bahari asilimia 25, na theluji mpya ya milimani hufikia asilimia 80. Kipimo changu cha kuchagua kivuli ni rahisi: kaa pale, inua macho, na uangalie ni kiasi gani cha anga kinachoonekana. Anga unaloliona nalo linakuona. Chini ya mwavuli wazi huonekana karibu nusu yake. Chini ya mti mpana wenye majani mazito, kwenye kibaraza chenye paa refu, au nyuma ya jengo, anga hubaki kipande tu. Mwenye mwavuli peke yake na auhesabu kuwa nusu ya kinga, kisha avae nguo.

Nguo na losheni

Kwenye karatasi washindani hawa wako sawa. Losheni ya SPF 50 iliyopakwa kama inavyopakwa maabara huacha takriban asilimia 2 ya mionzi inayounguza ipenye, na kitambaa chenye alama ya UPF 50, namba ya kinga ya nguo dhidi ya mionzi hiyo, huacha asilimia 2 vilevile. Tofauti huonekana mtu anapotoka maabara.

Vipimo vya losheni hufanywa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Kwa mtu mzima aliyevaa nguo ya kuogelea, hiyo ni takriban mililita 30 kwa mpako mmoja, maana yake chupa ya mililita 100 haimalizi mipako minne. Niliwahi kupima kiasi hicho kwa kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, kisha nikakimimina kiganjani. Losheni ilifurika, ikapita katikati ya vidole, na nilipoanza kuisambaza mwilini nikaona aibu kidogo, kwa maana kile nilichokuwa nikijipaka miaka yote hakikufika hata nusu yake. Siko peke yangu katika hilo: tafiti za matumizi zinaonyesha mara kwa mara kwamba watu hujipaka kati ya robo na nusu ya kipimo, na anayejipaka nusu hapati kinga iliyoandikwa kwenye chupa, bali hupata iliyo chini yake sana.

Nguo haina tatizo hilo, lakini nayo ina yake. Fulana nyembamba nyeupe ya pamba ina UPF ya karibu 5 hadi 7, na ikilowa hushuka zaidi, kwa sababu maji hujaza nafasi kati ya nyuzi na kuruhusu mwanga kupita. Wazazi wanaowavisha watoto fulana nyeupe majini wakidhani wamewafunika wamewapa kinga ndogo kuliko wanavyofikiri. Jaribio lake ni la sekunde tano: nyoosha kitambaa mbele ya taa au dirisha, na ukiona umbo la vidole vyako upande wa pili, mionzi nayo inapita. Jinzi hufaulu jaribio hili bila shida, na vitambaa vya poliesta vilivyofumwa kwa kubana pia hufaulu. Rangi nzito huzuia mionzi zaidi kuliko nyepesi, ijapokuwa hufyonza joto zaidi, na jawabu la mgongano huo ni mkato wa nguo: shati pana la mikono mirefu linaloacha hewa ipite kati yake na ngozi huvumilika vizuri hata likiwa la rangi nzito, ilhali nguo ya kubana huchosha hata ikiwa nyeupe.

Uamuzi wangu ni kwamba kiwiliwili, mikono na miguu ni mali ya nguo, na losheni ibaki kwa sehemu zisizovalika: uso, masikio, shingo, viganja kwa nyuma na juu ya nyayo. Hii ya mwisho naisisitiza kwa sababu niliwahi kurudi kutoka matembezi ya siku nzima nikiwa nimejipaka kila mahali isipokuwa miguuni, nikabaki na alama za kanda za ndala kwa wiki kadhaa. Kwa mtoto asiyetimiza miezi 6 ulinganisho hauhitajiki kabisa. Ushauri wa kawaida wa madaktari ni kivuli na nguo, si losheni.

Kofia nayo ina ulinganisho wake mfupi. Kapelo hukinga paji la uso na pua, ikayaacha masikio na kisogo wazi. Kofia ya ukingo mpana, wa sentimita 7.5 au zaidi pande zote, hukinga vyote. Kuhusu miwani, weusi wa kioo si kinga. Kioo cheusi kisicho na kichujio cha mionzi ni kibaya kuliko kutovaa kitu, kwa kuwa mboni hupanuka gizani na kuingiza mionzi zaidi. Tafuta maandishi ya UV400, yanayoonyesha kwamba kioo huzuia mionzi ya urujuanimno, kisha uchague rangi uipendayo.

Losheni za madini na losheni za kemikali

Ukishafika kwenye rafu ya losheni, mgawanyo mkuu ni huu. Losheni za madini hutumia zinki oksidi au titani dioksidi. Losheni za kemikali hutumia viambato kama avobenzoni, oksibenzoni na oktinoksati, ambavyo hunyonya mionzi na kuigeuza kuwa joto dogo. Kwa ngozi inayowashwa upesi na kwa watoto wadogo, za madini ndizo chaguo la kwanza, na mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipopitia upya viambato hivi, zinki oksidi na titani dioksidi ndivyo pekee ilivyopendekeza vitambuliwe kuwa salama na vyenye ufanisi, huku ikiomba takwimu zaidi kuhusu vingine vingi. Kuomba takwimu si kusema kitu ni sumu, na mtu asiyekuwa na losheni nyingine asiiache ya kemikali nyumbani kwa hofu hiyo. Kwa anayeogelea penye matumbawe, jimbo la Hawaii lilipiga marufuku uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia Januari 1, 2021, kwa hofu kwamba huyadhuru.

Udhaifu wa losheni za madini ni weupe. Kwenye ngozi nyeusi huacha utando wa kijivu unaomfanya mtu aonekane kama aliyepakwa majivu, na hili si suala la urembo tu, kwa kuwa losheni ambayo mtu anaionea haya huishia kupakwa nyembamba au kutopakwa kabisa. Zipo za madini zilizotiwa rangi kwa oksidi za chuma, na hizo hutatua tatizo kwa kiasi. Vinginevyo, losheni ya kemikali inayopakwa vya kutosha ni bora kuliko ya madini inayobaki kwenye kopo. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, yenyewe ni kinga, inayokadiriwa kulingana na SPF 13 hivi kwa ngozi nyeusi sana na karibu 3 kwa ngozi nyeupe, lakini 13 si 50, na mtu mwenye ualbino hana akiba hiyo, hivyo kwake nguo, kofia na losheni hutumika pamoja kila siku, si kwa kuchagua kimoja.

Kuhusu namba, SPF 15 huzuia karibu asilimia 93 ya mionzi inayounguza, SPF 30 asilimia 97 na SPF 50 asilimia 98. Kutoka 15 kwenda 30 hatua ni ya maana. Kutoka 50 kwenda 100 faida ipo, hasa kwa anayejipaka kidogo, ila haiongezi hata dakika moja kwenye muda wa kupaka upya, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Namba hiyo hupima hasa mionzi ya mawimbi mafupi, UVB, hivyo hakikisha chupa inataja pia UVA, ile ya mawimbi marefu. Ulaya huonyeshwa kwa herufi hizo ndani ya duara. Losheni ya kupuliza ni nyepesi kutumia, lakini upepo huchukua sehemu yake, nyingine huvutwa puani, na haionyeshi ilipofika. Ya kupaka kwa mkono naipendelea waziwazi.

Joto kavu na joto lenye unyevu

Nyuzijoto 34 katika hewa kavu na nyuzijoto 34 katika hewa yenye unyevu si siku moja. Mwili hupoa jasho linapokauka, si linapotoka, na hewa iliyokwisha kujaa mvuke hukataa kulipokea. Jeshi la Marekani lililijua hilo kwa uchungu wa askari waliokuwa wakianguka mazoezini, na katika miaka ya 1950 kikabuniwa kipimo cha joto ambamo kipimajoto kilichovishwa kitambaa chenye maji huhesabiwa asilimia 70, tufe jeusi linalopokea jua asilimia 20, na joto la kawaida la hewa asilimia 10 tu. Mgawanyo huo wa uzito unatosha kumwonyesha mtu kitu cha kutazama kwanza kwenye utabiri.

Katika joto kavu, hatari ni kutojua unapoteza maji kiasi gani, kwa kuwa jasho hukauka kabla hujaliona. Hapo kujimwagia maji na kukaa penye upepo hufanya kazi vizuri sana. Katika joto lenye unyevu, jasho hutiririka bila kupoza, na njia ya pekee inayoaminika ni kupunguza kazi yenyewe. Feni ina mpaka wake: hewa ikipita nyuzijoto 40, Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba feni humwongezea mtu joto, kwa kuwa inampulizia hewa yenye moto kuliko mwili wake.

Anayeanza kazi au mazoezi mazito nje ana uchaguzi mwingine, wa kuanza kwa nguvu zote au kwa hatua. Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kulizoea joto, na mwongozo wa usalama kazini wa Marekani humpa mfanyakazi mpya asilimia 20 tu ya muda wa kawaida juani siku ya kwanza, ukiongezeka kwa asilimia 20 kila siku. Mwanzoni niliuona kuwa woga, hadi nilipoelewa kwamba mwili uliozoea hutoa jasho mapema zaidi, jingi zaidi, na lenye chumvi kidogo.

Maji, vinywaji vya chumvi na sukari, au ORS?

Kwa matembezi ya kawaida na kazi ya saa moja au mbili, maji yanatosha, na chumvi iliyopotea hurudi kwa mlo unaofuata. Kwa kazi nzito juani, kiwango kinachopendekezwa ni kama mililita 240 kila baada ya dakika 15 hadi 20, bila kuvuka lita moja na nusu kwa saa. Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo husahauliwa. Watu wameambiwa wanywe, wanywe, wanywe, na wachache wameambiwa kwamba maji yakizidi kasi ya figo kuyatoa, sodiamu ya damu hupungua na ubongo huvimba. Watafiti waliowapima wakimbiaji wa mbio ndefu za Boston mwaka 2002 walikuta asilimia 13 yao wakiwa na upungufu wa sodiamu, na dalili iliyotabiri zaidi ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio, jambo lisilowezekana bila kunywa kupita kiasi.

Vinywaji vya wanamichezo vina faida mtu anapotoa jasho kwa saa nyingi mfululizo, lakini vina sukari nyingi na sodiamu ndogo kuliko matangazo yanavyodokeza. ORS, unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa ajili ya mtu aliyeishiwa maji mwilini, ni kitu kingine: kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati, uwiano uliopimwa ili glukosi na sodiamu viingie pamoja kwenye ukuta wa utumbo na kuyavuta maji. Ndiyo ya kuchagua kwa mtu mwenye kuhara au kutapika pamoja na joto, na kwa aliyekwisha kuishiwa maji; si kinywaji cha kunywa kutwa kwa sababu tu jua linawaka. Vidonge vya chumvi peke yake viachwe, isipokuwa daktari ameagiza. Pakiti moja ya ORS haina uzito wowote mfukoni, na kuichanganya kwa maji pungufu ili iwe kali zaidi ni kosa linaloweza kuzidisha kuhara.

Kwa msahaulifu, kiu peke yake huchelewa kidogo, hasa kwa wazee, ambao hisia yao ya kiu hufifia. Rangi ya mkojo husaidia: wa manjano hafifu ni sawa, wa rangi ya chai ni onyo, na usio na rangi kabisa kwa saa nyingi maana yake punguza.

Uchovu wa joto na kiharusi cha joto

Huu ndio ulinganisho pekee katika makala haya ambao kukosea kwake huua, kwa hiyo nitauandika polepole. Mtu mwenye uchovu wa joto hutoka jasho jingi, huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, na huenda akazimia kwa muda mfupi, lakini akili yake iko sawa: anajibu swali, anajua yuko wapi. Mhamishie kivulini, mlegezee nguo, mlaze na kuinua miguu, mpe maji ya kunywa kidogokidogo, na ndani ya nusu saa anatakiwa awe amepata nafuu.

Mwenye kiharusi cha joto ameharibika utambuzi. Anazungumza ovyo, anapepesuka, anakuwa mkali bila sababu, anatetemeka kwa degedege au hazinduki, na joto la mwili limepita nyuzijoto 40. Wengi wamefundishwa kutafuta ngozi kavu. Ngozi kavu huonekana kwa wazee walioshindwa na joto la siku kadhaa, lakini kijana aliyeanguka akikimbia au akifanya kazi huweza kulowa jasho chapachapa na bado akawa anakufa. Tazama akili, usitazame jasho.

Hapo piga simu ya dharura na uanze kupoza papo hapo, bila kumsubiri mhudumu. Kati ya njia za kupoza, kumzamisha mtu kwenye maji baridi hadi shingoni, kichwa kikishikwa juu, ndiyo ya haraka kuliko zote, hasa kwa kijana aliyeanguka kazini au michezoni. Isipowezekana, mmwagie maji mwili mzima mfululizo na kumpepea. Barafu kwenye kwapa, shingo na kinena ni nyongeza, na ikitumika peke yake ni dhaifu. Parasetamoli na aspirini hazisaidii, kwa kuwa hili si homa ya ugonjwa, na aliyechanganyikiwa asinyweshwe kitu.

Dawa za kujipaka dhidi ya mbu na kupe

DEET, dawa ya kufukuza wadudu iliyotengenezwa na jeshi la Marekani mwaka 1946 na kuingia matumizi ya kiraia mwaka 1957, ndiyo iliyochunguzwa kwa muda mrefu kuliko zote. Kwa asilimia 30 hukinga kwa saa sita hivi, na kuvuka asilimia 50 hakuongezi muda wa maana. Kasoro yake ni kwamba huyeyusha plastiki na baadhi ya vitambaa kama rayoni na spandeksi. Kamba ya saa na fremu ya miwani huanza kunata chini ya vidole, na mtu hugundua baadaye alichokifanya. Pikaridini ya asilimia 20 hukinga kwa muda unaokaribiana, haina harufu kali wala haiharibu plastiki, na kwa sababu hiyo ndiyo ninayoichukua mwenyewe. Mafuta ya mkalitusi wa limau yenye kiambato cha PMD ndiyo ya mimea yenye ushahidi mzuri, lakini hayafai kwa mtoto chini ya miaka 3. DEET nayo isipakwe kwa mtoto aliye chini ya miezi 2. Kwake, chandarua juu ya kitanda au kigari ndicho kinga. Bangili za manukato ya mchaichai sina la kuzitetea.

Permethrini ni ya aina nyingine, kwa kuwa hupakwa nguoni tu, si kwenye ngozi, na huua kupe wanaotambaa juu ya suruali. Hudumu baada ya kufuliwa mara kadhaa, hivyo inapita mtihani wangu wa usahaulifu, ila nguo ikiwa bado mbichi ni sumu kwa paka. Uchaguzi wa saa nao unahusika: mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, ilhali wale wa dengi huuma mchana, kwa hiyo anayejipaka usiku tu amejikinga na mmoja kati ya wawili.

Losheni ya jua na dawa ya mbu zikikutana, losheni hutangulia, ikauke, ndipo dawa ifuate. Bidhaa zilizochanganya vyote viwili kwenye chupa moja sizipendekezi, kwa sababu losheni hudai kupakwa kila saa mbili na dawa haidai, na anayefuata ratiba ya kimoja hukosea kipimo cha kingine.

Majini: jaketi la kuokoa maisha au boya la kujaza hewa

Maboya ya mikononi na ya duara yanayojazwa hewa ni vitu vya kuchezea. Huchomoka, hutoboka, na humpindua mtoto kichwa chini. Jaketi la kuokoa maisha lenye alama ya viwango na uzito ulioandikwa ndani ndilo kinga, na hata hilo halichukui nafasi ya mtu mzima anayeangalia akiwa umbali wa kunyoosha mkono, kwa kuwa anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kabla ya kuingia majini, mfunge mtoto mikanda yote, kisha shika jaketi mabegani na ulivute juu. Likipanda hadi masikioni au kidevu kikizama ndani yake, ni kubwa mno, na litatoka hivyohivyo majini.